Mkebe Usioingia Maji

Mama alikuwa na sheria nyingi jikoni mwake, na zote ungeweza kuzivunja ukapona isipokuwa moja. Ungeweza kuonja mboga kabla hazijaiva. Ungeweza kukalia kigoda chake. Ungeweza hata kumwambia chumvi imezidi, mradi uwe umesimama karibu na mlango. Lakini usithubutu kutia kijiko chenye maji kwenye mkebe wa mafuta. Yeye mwenyewe alikipangusa kijiko kwenye leso aliyojifunga kiunoni, hata kama kilikuwa kimekauka tangu jana, akakigeuza na kupangusa upande wa pili, ndipo akafungua mkebe. Ulikuwa mkebe wa bati uliowahi kuwa wa maziwa ya unga, na maandishi yake yalikuwa yamefutika kabla mimi sijajua kusoma. Ndani mlikuwa na mafuta ya mkia wa kondoo, meupe, magumu kwa sababu ya baridi ya kwetu Kibirichia, na yalikaa mwaka mzima bila kuharibika.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya upili hapa Embu. Kila mwaka huwapa wanafunzi karanga wazisugue kwenye karatasi, kisha wainue karatasi dirishani waone pale panapopenyeza mwanga. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba mafuta hayapatani na maji, kwamba ni chakula kilichowekwa akiba, na kwamba mwili usipopata chakula huigeukia akiba hiyo ukaila kidogo kidogo. Huyasema haya nikiwa na chaki mkononi na jicho moja kwenye saa, kwa sababu kengele ya chai haimngojei mtu. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja ningeyatazama yakitokea kwenye meza yangu mwenyewe, kwa mtu ninayempenda.

Mama alitutoka wakati watu wakipanda viazi. Alikuwa amepika asubuhi, akalalamika kifua, na jioni tukawa hatuna mama. Baada ya mazishi nilirudi kazini, na baba akabaki kule nyumbani Kibirichia na ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye anayelima shamba sasa. Nilidhani mambo yangetulia. Baba ni mtu wa maneno machache na kazi nyingi, na watu wa namna hiyo tunapenda kudhani kwamba wanajiweza.

Kisha ndugu yangu akanipigia simu.

"Sister, mzee hakuli," akasema. "Anashika kijiko, anakiweka chini, anasema ameshiba. Ameshiba nini na hajakula?"

"Umempikia nini?"

"Kila kitu. Jana nimechinja hata kuku. Kuku amebaki akituangalia."

Shule zilipofungwa mwezi wa nane nikaenda kumchukua. Nilimkuta uani akiningoja na begi lake dogo, amevaa koti la kanisani, na alipoinama kuinua begi nikaona mshipi wake. Ulikuwa na tundu jipya, lile la kutobolewa kwa msumari wa moto, mbali kabisa na matundu ya kiwandani, na hata hapo suruali ilikuwa imekunjamana kiunoni. Nilifanya kama sijaona. Nikamtania kwamba anakuja kunilia mshahara wangu wote, naye akatabasamu na kuingia kwenye gari.

Naishi mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Watoto wangu wako chuoni na mume wangu anafanya kazi Isiolo, huja wikendi akiweza, kwa hiyo nyumba ilikuwa na nafasi na mimi nilikuwa na muda. Nilimpeleka baba kwenye kituo cha afya wakampima kila kinachopimika. Muuguzi aliniambia hawaoni ugonjwa wowote, ila uzito unashuka na katika umri wake hilo si jambo la kuchezea. Akasema nimpe chochote anachokitaka, hata kama ni mafuta matupu, mradi ale. Nilitoka pale nikijua mambo yalivyo. Baba alikuwa anaishi kwa akiba yake, na akiba ilikuwa inaisha.

Nilipika kama mtu aliye kwenye mashindano. Chapati, nyama ya kukaanga, uji wa wimbi, mukimo wa kuponda kwa viazi vya kwetu Kibirichia nilivyobeba gunia zima. Baba aliosha mikono, akaomba, akasifu chakula, akala vijiko viwili vitatu, akakiweka pembeni kilichobaki kwa adabu nyingi.

"Asante, mwalimu. Nimeshiba."

Huniita mwalimu tangu siku niliyoajiriwa. Zamani lilikuwa jina la kujivunia, baadaye likawa la utani, na siku hizi ni jina langu tu. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na siku ya nne au ya tano zilinipanda.

"Baba, hakuna mtu anayeshiba kwa kuangalia. Kama chakula changu ni kibaya, sema."

"Si kibaya," akasema. "Ni kizuri sana. Tatizo kinapita tu. Nikimeza ni kama nimemeza kitu cha mtu mwingine."

Niliondoa vyombo nikaenda kulia kwenye sinki huku nimefungulia maji, ingawa nina hakika alisikia.

Siku chache baadaye, tukinywa chai asubuhi, akasema jambo ambalo lilinifanya niweke kikombe chini.

"Ule mkebe wa mama yako uko juu ya rafu, jikoni kule nyumbani. Mwambie kijana aulete."

Nilifurahi kweli kweli! Hatimaye baba alikuwa ametaka kitu. Nilijiuliza mbona nilikuwa mjinga hivyo, nikimkaangia mzee vyakula kwa mafuta ya salad wakati alikuwa amelishwa mafuta ya kondoo maisha yake yote. Nilimpigia ndugu yangu hapo hapo. Akasema kuna pikapu ya jirani inayoleta viazi Embu kesho yake, atampa dereva mkebe mkononi, asiutupe nyuma kwenye magunia.

Dereva alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Hakuutupa nyuma. Aliuweka mbele kabisa, juu ya dashibodi, mahali pa heshima, akaendesha gari jua la mchana likimulika kioo njia nzima mpaka Embu. Aliponikabidhi pale stendi, gazeti lililoufunga lilikuwa linang'aa kwa mafuta kiasi kwamba ungeweza kusoma ukurasa wa nyuma yake. Nilicheka. Nikawaza ningewaonyesha wanafunzi wangu. Nilipotikisa mkebe karibu na sikio nilisikia mafuta yakicheza ndani kama chai. Nilipofika nyumbani niliufuta, nikautia kwenye friji bila kuufungua, na jioni nikaponda mukimo upya, wenye mahindi na majani ya malenge vile alivyoupenda.

Nikaweka mkebe mbele yake pamoja na kijiko.

"Kikavu," nikasema, nikikipangusa upande mmoja na upande wa pili, ili aone kwamba sikusahau sheria.

Baba alifungua kifuniko. Mafuta yalikuwa yameganda vizuri, meupe, laini kama sahani mpya. Aliyatazama kwa muda mrefu. Akainamisha mkebe kwenye mwanga wa taa, akauzungusha, akatazama tena.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini, baba?"

"Alama ya kijiko chake."

Sikuelewa, ikabidi anieleze, na haikuwa rahisi kwake. Asubuhi ile ya mwisho mama alikuwa amechota mafuta ya kukaangia mboga. Kijiko kikaacha shimo katikati, refu kidogo upande mmoja, kwa sababu alizoea kuvuta kijiko kuelekea kwake. Halafu akafunika. Baada ya mazishi, watu walipoondoka, baba aliingia jikoni kutafuta kiberiti, akafungua mkebe, akaliona lile shimo. Tangu siku hiyo aliufungua kila asubuhi, akatazama, akafunika. Hakumruhusu ndugu yangu kuyagusa mafuta hayo. Hakutaka mkebe ili ale. Aliutaka kwa sababu huku Embu asubuhi zake hazikuwa na kitu cha kufungua.

"Baridi ya kule ilikuwa inalitunza," akasema.

Akarudisha kifuniko, akakikandamiza kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya mama, akaniambia usiku mwema. Mukimo ulibaki ukipoa.

Nilimpigia simu ndugu yangu nikamfokea. Nilimwambia yeye na dereva wake hawana akili, ni nani anayeweka mafuta juani. Akaniuliza kwa upole, "Sister, na wewe ungejua?" Nilikata simu kwa sababu jibu nililijua. Usiku ule nilichukia jua, nikachukia friji yangu, nikachukia hata zile karanga za darasani. Mtu anaweza kusomea kitu miaka mingi, akajua kinayeyuka kwa joto gani, asijue kilichokuwa kimeandikwa juu yake.

Siku zilizofuata baba alirudi nyuma. Mukimo hakuugusa, uji aliuonja, akabaki na chai. Alikuwa mpole zaidi kuliko kawaida, jambo lililonitisha, maana baba akiwa mzima hulalamika. Hulalamikia serikali, bei ya mbegu, mahubiri marefu. Sasa alikuwa akikaa kibarazani akitazama kamba ya nguo. Nilikaa karibu naye nikisahihisha mitihani na kujifanya sioni jinsi mifupa ya mikono yake ilivyotokeza. Naomba niseme wazi: niliogopa. Nilikuwa nimemzika mama majuzi tu na sikuwa na nguvu za kurudi makaburini.

Ndipo nikakumbuka jinsi mafuta yale yalivyopatikana.

Kwetu, mwanamke akijifungua huchinjiwa kondoo dume. Mwanamume ndiye anayemchagua na kumchinja, lakini mkia si wake. Ni wa mwanamke. Baba aliuleta mkia juu ya jani la mgomba mpaka kwenye mlango wa jiko, akaukabidhi pale, na hakuvuka kizingiti. Jikoni mama aliyeyusha mafuta, naye baba akangoja nje, kwenye kigogo, mpaka aitwe. Mafuta hayo mzazi hutiliwa kwenye uji na supu ili apate nguvu na maziwa, na yakibaki huwekwa. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza mama aliteremka Embu na mkebe huo huo mapajani, akanilisha mpaka nikawaka uso kama taa. Watoto wetu walipokwisha kuzaliwa, baba hakuacha. Kila mwaka, viazi vikishauzwa, alimchinjia mama kondoo bila sababu, na majirani walimcheka kwamba anachinja kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Jioni moja nikamwambia, "Baba, kesho unipeleke Ishiara. Nataka kununua kondoo."

Akanigeukia. "Nani amejifungua?"

"Hakuna aliyejifungua. Lakini kuna mtu anakonda."

Nilitazamia kukataliwa. Badala yake mdomo wake ulicheza upande mmoja.

"Na wewe unajua kuchagua kondoo, mwalimu?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuambia unipeleke."

Ilikuwa kweli. Najua sehemu zote za tumbo la kondoo na kazi ya kila moja, lakini ukiniweka mbele ya kumi ningemchukua mwenye uso mzuri. Asubuhi nilimkuta baba ameshavaa kofia na koti, ameketi karibu na mlango, na ananiuliza mbona nachelewa.

Ishiara iko chini kule Mbeere, kwenye joto, na soko la mifugo lilikuwa limejaa vumbi na kelele. Baba alivua koti, akanipa nimshikie. Alipita katikati ya kondoo akiwatia mkono chini ya mkia mmoja mmoja, akipima kama mtu anayepima unga. Mama mmoja mwenye kondoo watano alimfuata akimsifia mmoja wao.

"Mzee, angalia huyu. Huyu ni mnono kabisa. Mkia peke yake ni mzigo."

Baba alibonyeza mkia. "Huyu umempea chumvi akakunywa maji. Hapa hakuna kitu, mama. Ni maji tu inatembea."

"Aki mzee! Kwani wewe ni daktari ya kondoo?"

"Mimi nilioa," baba akasema. "Hiyo inatosha."

Yule mama alicheka akashika mbavu, akaenda mwenyewe kumtoa yule aliyekuwa amemficha nyuma, mwekundu, mkia wake umetanda kama mto wa kulalia. Baba alibonyeza, akabonyeza tena. Nilimwona uso wake ukibadilika. Wakapatana bila kelele nyingi, na kondoo akachinjwa hapo karibu, baba akisimama juu ya mchinjaji na kumwonyesha mahali pa kukata ili mkia usitobolewe. Alilalamikia kisu. Alilalamikia nzi. Alilalamikia jua la Mbeere na watu wanaokubali kuishi ndani yake. Mimi nilisimama na koti lake mkononi nikiyasikiliza malalamiko hayo kwa furaha kubwa.

Tulipofika Majimbo, alitoa mkia kwenye gari akaubeba mpaka mlango wa jikoni. Hakukuwa na jani la mgomba, alikuwa ameuweka kwenye beseni la plastiki la kufulia. Alisimama pale kizingitini akanyoosha mikono. Nilipokea. Tulikuwa peke yetu nyumbani na hakuna jirani ambaye angejali, lakini hakuingia. Alivuta kiti, akaketi nje kando ya mlango, ubavu wake ukielekea jikoni.

Nilikata mkia vipande vidogo. Nilimimina maji kidogo ndani ya sufuria ili mafuta yasiungue mwanzoni, kama mama alivyonifundisha siku moja nilipokuwa nimekuja likizo nikimsikiliza nusu nusu. Nikawasha gesi, moto mdogo. Punde vipande vikaanza kutoa jasho, kisha kutokota, kisha sufuria nzima ikaanza kupiga kelele, ikitatarika na kurusha matone. Harufu ikajaa nyumba, ile nzito inayoshika nywele na mapazia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi jikoni mwangu mkanuka kama nyumbani. Nilisimama na mwiko nisijue ni wakati gani wa kuzima. Kwa macho yalionekana yameiva. Rangi ilikuwa nzuri.

"Baba," nikaita, "nadhani yameiva."

"Bado," akajibu kutoka nje. "Bado yanaongea."

Nikakoroga. Baada ya muda nikaita tena.

"Bado yanaongea," akasema. "Mama yako hakuwa na haraka."

Nilitoa kichwa mlangoni. Alikuwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, ameelekeza sikio jikoni. Ndipo nilipoelewa. Miaka yote aliyokaa kwenye kigogo nje ya jiko la mama, hakuwahi kuona mafuta yakiyeyushwa hata mara moja. Aliyajua kwa kuyasikia tu. Alikuwa amekaa pale akimsikiliza mkewe akipika, mpaka akajua kila sauti, kama mtu anavyojua hatua za wa nyumbani mwake.

"Unajua kinachopiga kelele ni nini?" nikamuuliza. Siwezi kujizuia, ni kazi yangu. "Ni maji. Maji yaliyomo kwenye nyama. Hayawezi kukaa na mafuta, kwa hiyo yanatoka kwa mvuke. Yakiisha yote, mafuta yananyamaza. Ndiyo maana hayaharibiki. Kinachooza kinataka maji."

"Kumbe alikuwa anayafukuza maji."

"Ndiyo."

"Na kile kijiko?"

"Kile kijiko kingeyarudisha."

Alitikisa kichwa polepole na kutabasamu, macho bado yamefumbwa. "Alinigombeza kwa kijiko chenye maji mwaka tuliooana. Nusura arudi kwao. Nikadhani ni ukali tu."

Tulicheka wote wawili, yeye nje na mimi ndani. Kisha tukanyamaza, na sufuria nayo ikaanza kupunguza maneno. Kutatarika kukawa kwa hapa na pale, kukawa kwa mbali, na hatimaye mafuta yakatulia kabisa, ya dhahabu, hata ungeweza kuona kitako cha sufuria.

"Sasa," baba akasema.

Nilizima. Nilichuja mafuta, vikabaki vile vipande vilivyokauka, vyekundu, vya kutafunika. Tulipokuwa watoto tulivipigania, lakini fungu la kwanza lilikuwa la baba kila mara, na mama alimtolea mlangoni juu ya kifuniko cha sufuria. Nilivitia kwenye kifuniko, nikanyunyiza chumvi, nikamnyooshea. Hakuuliza. Alichukua kimoja, akakipuliza, akakitafuna. Nilisikia kikivunjika katikati ya meno yake. Akachukua kingine. Nilirudi ndani haraka ili asione uso wangu, na nilipochungulia tena kifuniko kilikuwa kimebaki na chumvi tu.

Kilichokuwa kimebaki ni mkebe. Niliuleta mlangoni na kusimama nao, kwa kuwa sikutaka kuamua peke yangu. Mafuta ya mama yalikuwa yamefika karibu nusu.

"Naweza kuyatia mapya kwenye chombo kingine," nikasema. "Haya tukayaacha hivi hivi."

Baba aliupokea, akaushika kwa mikono miwili.

"Hakuwahi kuyamaliza," akasema. "Hujui? Aliacha kidogo chini, akamimina mapya juu yake. Hakuuosha mkebe huu hata siku moja, angewezaje kuuosha, na maji hayaruhusiwi. Alisema ukiosha unaanza upya." Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa bati. "Ulianza na kondoo wako. Yule niliyemchinja ulipozaliwa wewe. Tangu hapo haujawahi kuwa mtupu."

Nilikuwa nimeuona mkebe ule maisha yangu yote. Nilikuwa nimelishwa kutoka ndani yake, nimewalisha watoto wangu, nimepigwa makofi ya mkononi kwa ajili yake. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikuwa ndani yake.

"Kwa hiyo nimimine?" nikauliza.

"Yatayeyusha ya kwake," akasema.

"Yatayeyusha, baba. Yatachanganyika kabisa, hutaweza kuyatenganisha tena. Mafuta kwa mafuta hayabaguani."

Baba akasimama. Akashika ukingo wa mlango, akainua mguu, akavuka kizingiti, akaingia jikoni. Alitazama sufuria, jiko la gesi, mwiko, matone yaliyorukia ukutani, kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Akaweka mkebe juu ya meza na kuushikilia usitikisike.

"Mimina," akasema.

Nilimimina polepole. Ya mama yalilegea kwa juu, yakawa ya kioo, yakapotea ndani ya mapya. Baba hakuondoa macho mpaka mwisho.

Tuliuacha wazi juu ya meza mpaka mvuke wote uishe, tukaufunika kwa kitambaa kikavu. Usiku wa mwezi wa nane hata Embu una ubaridi wake, na asubuhi mafuta yalikuwa yameganda, meupe tena, yamejaa mpaka karibu na mdomo. Nilipasha mukimo. Baba alikuja mezani amekwisha kunawa, mshipi kwenye tundu lake la msumari. Akavuta mkebe, akaondoa kitambaa, akatazama ule weupe usio na alama yoyote.

Akachukua kijiko. Akakipangusa kwenye shati lake upande mmoja, akakigeuza, akakipangusa upande wa pili, akaninyooshea.

"Wewe," akasema.

Nilichota. Kijiko kikaacha shimo dogo katikati, limepinda. Nikaweka mafuta juu ya mukimo wake, nayo yakaanza kuyeyuka na kuteremka pembeni. Baba aliinamia mkebe akalitazama lile shimo kwa makini, kama mwalimu anavyotazama kazi ya mtoto.

"Lake lilikuwa kubwa kuliko hili," akasema, akanisogezea sahani. "Ongeza."